Mkate wa Ivano

Shemeji yangu Saverio ni mwoka mikate. Baba yake alifanya kazi hiyo hiyo, na babu yake pia, katika tanuri lile lile la mawe. Katika mji wetu, huku kwenye nyanda kavu za kusini mwa Italia, hiyo si kazi ya kudharauliwa. Mkate wetu ni wa ngano ngumu, mkubwa kama mto wa kulalia, ganda limeungua kidogo, ndani manjano, na kijana akirudi likizo kutoka Ujerumani hupitia tanurini kwanza ndipo aende kumwamkia mama yake. Kwa hiyo ukisema mke wa Saverio anakula mkate wa mwanamume mwingine, hujazungumza habari za jikoni. Umemtukana mtu.

Na maneno hayo yalisemwa, tena yalikuwa kweli. Mke mwenyewe ni dada yangu, Ornella. Mimi ni Dora, mdogo wake. Nashona mapazia na nguo za harusi, ya kwangu sijaivaa, na naishi ghorofa ya juu katika nyumba yao.

Tangu walipooana, Saverio hakuuza mkate wa kwanza kutoka tanurini. Aliufunga kwenye kitambaa, akauleta nyumbani ungali wa moto, akaukata mbele ya mkewe. Ornella alichukua kipande cha pembeni, kile kigumu, akakimiminia mafuta ya zeituni na kukinyunyizia chumvi. Kisha walishuka dukani pamoja, mume ndani kwenye moto, mke mbele kwenye kaunta. Alijua nani hapendi ganda jeusi, nani meno yamemwisha, nani ameachwa na mume na sasa atanunua nusu mkate bila kutaka kuulizwa. Watu walimpenda.

Na miaka yote hiyo, alipokuwa akiula mkate ule, mkate nao ulikuwa unamla yeye.

Tumbo lilimjaa kama ngoma. Damu ilipungua, nywele zikabaki kwenye kitana, mimba hazikukaa. Madaktari walimpa vidonge vya kuongeza damu, na mmoja akamwambia ni mawazo tu, aende pwani akapumzike. Mwishowe akapatikana daktari aliyempima kwa makini, akamteremshia mpira wenye kamera tumboni, akamwita na mumewe wakae. Akawaambia ni seliaki. Kwenye ngano kuna kitu kinaitwa gluteni, ndicho kinachoufanya unga ukikandwa unate na kuvutika. Kwa watu kama Ornella kitu hicho huchubua utumbo. Dawa yake ni kuacha. Kuacha kabisa, maisha yote, hata chembe.

"Hata chembe," Saverio alirudia. Nilikuwa nimewasindikiza. Nilimwona akiitazama mikono yake, kwenye mikunjo ya vidole ambako unga hautoki hata ukisugua kwa brashi, kisha akaificha chini ya meza ya daktari.

Tuliisafisha nyumba. Vibao vya kukatia, miiko ya mbao, chujio, vyote vilitupwa. Saverio akawa anavua nguo za kazi uani na kuoga kwenye kibanda cha nje kabla hajaingia ndani. Ornella hakuweza tena kusimama dukani, maana huko unga unaelea hewani na ukivuta pumzi unaumeza. Kaunta akapewa Mimma, binti wa binamu yao. Na Saverio, kwa mara ya kwanza tangu aoe, akawa anarudi nyumbani asubuhi mikono mitupu.

Huo ndio wakati Ivano alipoingia katika maisha yetu.

Ivano ni mtu wa kaskazini, wa Bergamo, mrefu, mwembamba, ana miwani. Naye ana ugonjwa huo huo tangu utotoni. Alifungua duka dogo katika mji wa jirani, na katika tanuri lake ngano haijawahi kuingia: anaoka kwa unga wa mchele, wa mahindi, wa mtama, na mwingine anaouagiza huko kwao. Nilimpeleka Ornella kwa gari langu siku ya Jumanne. Ivano alimkatia kipande, akakipitisha juu ya kioo cha kaunta. Dada yangu alikitia mdomoni, akatafuna, akakaa kwenye kiti cha wateja, machozi yakaanza kumtoka. Ivano alimpa karatasi ya kujifutia, akaendelea kumhudumia mtu mwingine. Nadhani alikuwa amewaona wengi wa aina hiyo.

Jioni Ornella aliuweka mkate ule katikati ya meza.

"Mlaini," alisema. "Hebu ubonyeze. Unarudi."

Saverio aliubonyeza kwa kidole kimoja, kama mtu anayemgusa samaki asiyemwamini. "Umewekwa nini ndani?"

"Muulize mwenyewe."

"Alikuwapo mwenyewe?"

"Saverio, duka ni lake. Ulitaka awepo nani?"

Akakata kipande, akala. Sisi wawili tulimtazama. Alitafuna taratibu, na mimi niliyemjua miaka mingi niliona kilichomwumiza. Angefurahi ungekuwa mbaya. Haukuwa mbaya.

Tukawa tunakwenda kila Jumanne. Ornella alianza kunenepa mashavuni. Siku moja Saverio alimkuta mbele ya kioo.

"Tangu lini mtu anapaka rangi ya midomo kwenda kununua mkate?"

"Tangu nipate nguvu ya kuinua mkono."

"Dukani kwetu hukuwa unapaka."

"Dukani kwetu nilikuwa nakufa, mume wangu."

Hilo halikumtuliza moyo. Tukirudi, aliniuliza mimi kando. Mlikaa muda gani? Alimwambia nini? Alicheka? Nikamwambia, shemeji, mtu anayeuza lazima acheke, hata wewe ungecheka kidogo biashara ingekua. Hakucheka.

Na mji nao haukumsaidia. Nilikuwa kwenye mkahawa wa Peppe napima madirisha kwa ajili ya mapazia, Saverio akaingia kunywa kahawa. Cosimo wa mbogamboga alikuwa amekaa kwenye kona yake na mbwa wake.

"Fundi," Cosimo akasema, "nasikia kwako siku hizi mkate unaagizwa nje."

"Ni ugonjwa, Cosimo. Hujui kitu."

"Sijakataa. Mke wangu naye akiugua nitampeleka kaskazini. Ila arudi."

Watu walicheka. Si kicheko kibaya sana, kile cha watu wanaokutana kila siku. Lakini Saverio aliacha kahawa yake nusu.

Jumapili moja alikuja jikoni kwangu huku juu, ameoga, amevaa aproni mpya niliyomshonea, amebeba unga wa mchele na wa mahindi alioununua katika duka la dawa. Alitaka kumwokea mkewe mwenyewe. Alikanda kama alivyofundishwa na baba yake, lakini unga usio na gluteni haushikani. Ukiuvuta unakatika, ukiuacha unatambaa kama uji. Alijaribu tena na tena. Kilichotoka katika oveni yangu kilikuwa kizito kuliko mawe ya uani. Tuliwatupia kuku wa jirani, wakakizunguka, wakaondoka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Saverio aliivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani, akashuka ngazi. Ndipo nikajuta kucheka.

Ni baada ya hapo zilipoingia lozi.

Nje ya mji Saverio ana shamba la milozi aliloachiwa na baba yake. Zamani lozi zake tuliziuza. Sasa alizileta nyumbani. Lozi hazina gluteni, hazina lawama, na zilikuwa zake mwenyewe. Alizilowesha, akazimenya moja moja, akazisaga, akazikamua kwa kitambaa safi, akampa Ornella maziwa ya lozi kila asubuhi, saa ile ile aliyokuwa akimletea mkate. Akamtengenezea biskuti za lozi. Akasaga lozi na asali, akazijaza kwenye chupa, za kupaka. Mkate wa Ivano ukiwa mezani, chupa ya Saverio ilikaa kando yake, karibu kabisa, kama askari.

"Kunywa," alikuwa akisema. "Hii haina mtu wa kaskazini ndani."

Ornella alikunywa yote, akamrudishia kikombe kitupu.

Mwanzoni mwa kipupwe tumbo lilirudi. Lile lile la zamani: kujaa, kuuma, kukimbilia chooni, na mikono ikatoka vipele. Ornella alirudi kulala mchana. Mashavu yakashuka tena.

Saverio hakuwa na shaka hata kidogo. "Yule mtu si msafi," alisema. "Anaweka ngano. Anajua bila ngano mkate haukai, ndiyo maana wake ni mlaini. Mimi nimeukanda ule unga, najua. Ule ulaini si wa bure."

"Naye ni mgonjwa kama mimi," Ornella akamjibu. "Ajilishe sumu?"

"Wewe unamtetea."

"Mimi ninaumwa, Saverio. Sina nguvu ya kumtetea mtu."

Walirudi kwa daktari. Akapima damu, na damu ikasema kinyume cha Saverio: ngano haikuwa inaingia mwilini kabisa, alama zake zilikuwa zimetoweka. Daktari akawaeleza kwamba hutokea. Utumbo ulioteswa miaka mingi unaweza kukataa kitu kingine pia, chakula cha kawaida kabisa, na hakuna kipimo kimoja kinachokitaja kwa jina. Inabidi kukitafuta. Akawapeleka kwa mtaalamu wa lishe, Bi Graziana, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa shule.

"Tutaondoa karibu kila kitu," Bi Graziana alisema. "Utakula wali, kuku wa kuchemsha, karoti, viazi, mafuta ya zeituni. Vichache tu. Tumbo likitulia, tutarudisha chakula kimoja kimoja, tukingoja kati ya kimoja na kingine. Kimoja, mama. Kuvichanganya ndiko kunakoharibu kazi."

"Na mkate?" Saverio aliuliza haraka.

"Mkate pia unatoka. Una vitu vingi ndani."

Nilimtazama shemeji yangu. Uso wake ulinyooka kama shati lililopigwa pasi. Alitoka pale akaenda moja kwa moja kununua kuku wa kienyeji. Kuhusu lozi, Bi Graziana alizitoa vilevile, lakini hilo hakulisikia, au alilisikia kama mtu anavyosikia mvua ya mji mwingine.

Mimi ndiye niliyepika. Wali, kuku, karoti. Kesho yake karoti, kuku, wali. Ornella alikula bila kulalamika, na tumbo likatulia, vipele vikakauka. Jumanne zikapita hatutoki nyumbani. Nyumba nzima ilikuwa na amani, na mwenye amani zaidi alikuwa Saverio. Alipiga mluzi uani akioga. Mkahawani alimnunulia Cosimo kahawa.

Tukaanza kurudisha. Mayai yalipita salama. Nyanya zikapita. Tuliogopa sana maziwa na jibini, navyo vikapita. Basi Ornella akasema kinachofuata ni mkate, ameutamani mpaka anauota. Nilikwenda kuuleta peke yangu, kwa kuwa Saverio alisema hakuna haja ya watu wawili kwenda kununua mkate mmoja.

Jumapili tukakaa mezani. Ornella alikata vipande, akavipanga kwenye sahani. Saverio aliutazama ule mkate kwa muda. Kisha akainuka, akafungua kabati, akaja na chupa yake. Akachukua kipande kutoka mkononi mwa mkewe, akakipaka lozi na asali, safu nene mpaka pembeni, akamrudishia. Akapaka na cha pili.

"Uule mkavu hivyohivyo," alisema, "kama mtu asiye na mume?"

Ornella alisita. Alinitazama, akamtazama mumewe, akala. Nilipaswa kusema neno. Sikusema, kwa sababu uso wa Saverio ulikuwa na furaha, nami nilikumbuka nilivyomcheka siku ya kuku wa jirani.

Kabla jua halijazama Ornella alikuwa chooni amejikunja. Alitapika, akaharisha, vipele vikapanda mpaka shingoni. Saverio alimpa maji, akamfunika blanketi, akamsugua mgongo kwa upole wote. Lakini macho yake yalikuwa yanawaka. "Umeona sasa," aliniambia kwenye korido. "Umeona mwenyewe, Dora. Ni mkate."

Jumanne alifunga tanuri mapema na kushika njia. Niliingia garini mwake kabla hajaniambia nisiingie.

Dukani kwa Ivano kulikuwa na wateja, wengi wao mama na watoto, na kizee mmoja mwenye kikapu. Saverio aliwapita wote akasimama mbele ya kioo.

"Wewe ndiye Ivano."

"Ndiye mimi. Karibu."

"Mimi ni mume wa Ornella."

Ivano alifuta mkono kwenye aproni akaunyoosha. "Fundi Saverio. Mkeo anausifu mkate wako kila akija hapa, mpaka mimi nisioweza kuula nautamani. Anaendeleaje?"

Mkono ule ulibaki hewani. "Alikula mkate wako juzi. Tangu hapo hajasimama. Nimekuja uniambie mbele ya watu hawa umeweka nini."

Mama mmoja aliurudisha mkate wake kwenye kaunta taratibu. Ivano alimwona. Alikuwa amegeuka mweupe, lakini hakupandisha sauti. Alivitaja vitu vyote vya mkate wake, kimoja baada ya kingine, kisha akavua miwani.

"Aliula mtupu?"

"Unataka kusema nini?"

"Sijasema, nauliza. Mimi nilipokuwa nachunguza tumbo langu, niliyalaumu mahindi, kumbe ilikuwa soya. Nilikuwa navila pamoja. Bi Ornella aliula na nini?"

Duka zima lilimgeukia Saverio, na nilijua hatajibu.

"Na lozi," nikasema.

"Dora."

"Ulimpakia lozi, shemeji. Nilikuwa mezani."

Yule kizee akahamisha kikapu mkono wa pili. "Basi nendeni mkajaribu kila kimoja peke yake, mwanangu," alisema, "kabla hujamfungia kijana wa watu duka."

Ivano alifunga mkate mwingine kwenye karatasi, akautoa. Saverio alikuwa ameshafika mlangoni. Niliupokea mimi.

Njiani, tulipoanza kuiona minara ya mji wetu, Saverio akaniuliza. "Hivi wewe uko upande gani?"

"Upande wa tumbo la dada yangu."

Ornella alipopata nafuu, tukaanza upya. Mkate kwanza, mtupu, bila hata mafuta. Alikaa mezani akala vipande viwili, na Saverio akakaa mkabala naye akimtazama. Sitasema alimwombea mkewe ugonjwa. Lakini alikuwa anasubiri. Kila Ornella alipogusa tumbo, alijiinua kidogo kitini. Jioni ikafika, kesho yake ikafika, dada yangu akaamka akafua mashuka yote ya nyumba akiimba. Mkate haukuwa na kosa.

Ikabaki chupa kabatini.

Sasa Saverio ndiye aliyekataa. Alisema ya nini kujaribu, Ornella aziache lozi tu, yaishe. Bi Graziana akasema hapana, bila kujua kwa hakika atakuja kuzilaumu karanga, dengu, kila kitu, mpaka arudi kwenye wali na kuku. Ornella naye akasema atazila, lakini kutoka mkononi mwa mumewe. Basi Saverio akamenya lozi chache, akazitia kwenye kisahani, akakisukuma mbele yake. Aliondoka chumbani alipoanza kutafuna. Nilimkuta uani ameshika bomba la maji, halitoi maji.

Zilimwangusha kabla ya chakula cha jioni.

Nilikuwa nashuka na birika la chai ya mnanaa niliposikia sauti zao, mlango wa chooni umeachwa wazi. Saverio alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, Ornella amemlalia pajani. Nilisimama kwenye ngazi. Najua haikuwa adabu.

"Miezi yote ile," Saverio alikuwa akisema. "Kila asubuhi. Kwa mkono wangu huu."

"Hukujua."

"Sikutaka kujua. Nilitaka iwe yule." Akamwondolea mkewe nywele usoni. "Niambie ukweli, Ornella. Unampenda?"

"Nani?"

"Yule wa kaskazini."

Dada yangu alianza kucheka, kicheko kikamwumiza, akashika ubavu. "Napenda mkate wake. Naupenda kwa sababu naweza kuula, basi. Yeye mwenyewe hata nikikutana naye bila aproni sijui kama nitamtambua. Wewe unajua mimi namwonea nani wivu?"

"Nani?"

"Mimma."

"Mimma? Yule mtoto?"

"Mimma. Na Cosimo. Na mbwa wa Cosimo, maana najua unamtupia maganda. Mji mzima unakula mkononi mwako kila asubuhi, isipokuwa mimi. Ukirudi unavua nguo uani, harufu inapanda, nami nakwenda kufunga dirisha. Unadhani nafunga kwa sababu ya unga? Nafunga kwa sababu roho inaniuma. Wewe una mwanamume mmoja wa kumchukia, Saverio. Mimi nina mji mzima."

Saverio alimvutia mkewe taulo mabegani.

"Lozi nilizishuku," Ornella akasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Tangu vipele vya kwanza nilizishuku. Lakini ningekataa na hizo, ungeniletea nini?"

Chai ilikuwa imeanza kupoa. Niliingia, nikaiweka kando ya beseni, nikatoka.

Baada ya hapo mambo hayakuwa mazuri ghafla. Shamba la milozi akapewa binamu alilime, na Saverio alikuwa mkali kwa watu wote kwa muda mrefu, hata kwa wateja. Ornella alipona kweli. Alipona kiasi cha kuchoka kukaa nyumbani, na mara alipochoka, ugomvi wa kawaida wa mke na mume ukarudi, ambao wagonjwa huwa hawana nguvu nao.

Ugomvi mkubwa kuliko yote ulikuja majira ya machipuko. Msaidizi wa Ivano aliolewa akahamia mbali, na Ivano akamwuliza Ornella kama angependa kusimama kaunta, kwa kuwa anaijua kazi. Dada yangu alikuja na habari hiyo mezani kama mtu anayeweka sahani tu.

"Kaunta ya nani?" Saverio aliuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Ya mkate ninaoweza kuushika."

"Mji utasema nini?"

"Mji umeshasema. Umebakiza nini?"

Hawakuzungumza siku kadhaa. Mimi nilikuwa nabeba maneno juu na chini, mwambie dada yako chumvi imekwisha, mwambie shemeji yako ajinunulie. Kisha asubuhi moja Saverio aliingia kutoka kuoga, nywele zinadondosha maji, akasimama mbele ya mkewe.

"Nenda," alisema. "Lakini usiniambie nifurahi."

"Sijakuambia ufurahi."

Akaenda. Huko nako hakuchukua muda kuwajua watu: nani soya inamwasha, nani hawezi mayai, mtoto gani anaona haya kula chakula chake tofauti na wenzake. Jioni alirudi na vidole vyeupe kwa unga wa mchele, akamsimulia mumewe yote, na Saverio alisikiliza kwa kukunja uso, akiuliza maswali mafupi. Tanuri linawashwa saa ngapi? Unga anauchachusha kwa muda gani? Na huyo Ivano, anakaa mbele au nyuma?

Jumamosi moja nilikwenda kumchukua Ornella, nikamkuta Saverio kwenye foleni. Alikuwa amevaa shati la kanisani na amenyoa. Alisimama nyuma ya mama na watoto wake, hakusukuma, hakusalimia mtu. Ivano alimwona kutoka ndani, akarudi zake kwenye tanuri bila kujitokeza, jambo ambalo nililiona la busara.

Zamu yake ikafika. Ornella aliinua macho.

"Na wewe, bwana? Nikupe nini?"

"Nipe unaoupenda wewe."

Alichagua mmoja rafuni, akaurudisha, akachagua mwingine. Akaufunga. Saverio alilipa kama watu wengine, akauchukua kwa mikono miwili, akakaa kwenye kile kiti cha wateja kumngoja mkewe afunge kazi. Alimega kipande akatafuna.

"Anaupa maji mengi mno," akaniambia. Akamega kingine, na macho yake yakawa yanafuata kila mwanamume aliyeingia dukani.